Mrejesho: ukumbi wa mihadhara tuliougeuza darasa la vikundi

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliomba ushauri wa kugeuza ukumbi wa mihadhara wa chuo chetu kuwa darasa la kujifunza kwa vikundi, na karibu bajeti yote nilikuwa nimeielekeza kwenye skrini za kugusa. Wengi mlinizuia, mkasema nianze na meza na umeme. Mlikuwa sahihi kabisa.

Tulifuata SCALE-UP, mfano wa darasa la vikundi ulioanzishwa na mwanafizikia Robert Beichner, wa North Carolina State University kule Marekani: meza za duara zenye kipenyo cha mita 2.1 hivi, kila meza wanafunzi 9 katika timu 3 za watu watatu watatu. Nilitaka meza kubwa zaidi ili waenee wengi. Aliyenionya kwamba meza ikipanuka walio ng'ambo hawasikilizani, namshukuru sana. Soketi ziko sakafuni chini ya kila meza, hivyo nyaya hazikatizi njia. Kila meza ina ubao mweupe ukutani, na huo ndio unaotumika kuliko kifaa chochote cha umeme! Skrini zipo, chache.

Kilichonitesa ni kelele. Mwangwi ulikuwa mkali mno hadi tulipobandika vifyonza sauti darini na kumpa mwalimu maikrofoni.

Wahadhiri wawili bado wanahutubia saa nzima humo humo. Tumeanza kuwafunza namna ya kutunga maswali ya vikundi, kazi ambayo nilipaswa kuianza kabla ya kununua hata kiti kimoja.