Tupeane uzoefu: koti la mvua linalohimili miba ya vichakani

Traka wa Kizigo
Wakuu, habari za jioni. Msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai na watu wanafikiria vumbi tu, ila sisi tunaochelewa kufunga kambi, mvua ya kwanza inatukuta bado tuna mgeni wa kuwinda porini. Jana nimemwona kijana dukani anajipima koti la plastiki la kijani, lile la vifungo vya kubana, nikakumbuka mengi.

Upande wetu, Manyoni kuelekea Rungwa, kichaka kimefungamana, unapita umeinama. Kikwata kina miba miwili miwili iliyopinda kwa nyuma. Hakikuchomi, kinakushika. Koti la mgeni, la bei ambayo hapa unapata pikipiki, nimeliona likichanika begani kabla ya chai ya saa nne. Langu la plastiki hata halikufika saa nne. Nani ana koti lililomaliza msimu? Na lisipige kelele, maana mnyama anasikia. Tupeane uzoefu.

Kijiwe Nongwa
Natandika mkeka, nasubiri wajuzi.

Mchana Mweupe
Mleta mada, kibali unacho? Isije ikawa tunamshauri jangili hapa.

Traka wa Kizigo
Mkuu, kitalu cha uwindaji kina kampuni, kampuni ina leseni, na askari wa wanyamapori yupo na sisi kila tukitoka. Mimi ni mfuata nyayo. Turudi kwenye koti.

Mbeba Begi
Mimi ni mpagazi Kilimanjaro, makoti tunanunua mitumba pale Memorial, Moshi. Sikia, jina lililoandikwa kifuani lisikuchanganye. Geuza koti nje ndani kwanza. Yale mengi yamepakwa utando wa plastiki laini kwa ndani, na ule utando unaoza kwa joto na unyevu hata kama koti halijavaliwa. Ukipitisha kiganja ukasikia kunata, au vikabaki vipande vyeupe kwenye vidole, rudisha. Linusie kwapani: likinuka maziwa yaliyochacha, limeshakufa. Halafu angalia ile tepu iliyobandikwa juu ya mshono. Ikiwa imeinuka kwenye bega, maji yataingia hapo hapo kamba ya begi inapokaa.

Mwisho weka mdomo kwenye kitambaa, pulizia. Pumzi ikipita, weka chini.

Kijiwe Nongwa
Kupuliza nguo ambayo hujui aliivaa nani? Hapana aisee.

Mbeba Begi
Basi loa.

Skauti Mstaafu
Mleta mada umenikumbusha siku nisiyopenda kuikumbuka. Nilikuwa skauti wa wanyamapori wa kijiji. Tuko doria, mvua ya Desemba, ile inayonguruma mara moja halafu inamwaga. Tukavaa poncho, lile joho la mvua lisilo na mikono, lenye kofia. Sasa wanaouza poncho hawakwambii kitu kimoja: kofia ikishafunika masikio, matone yanapiga juu yake, humsikii hata aliye nyuma yako. Na ukigeuza shingo kofia haigeuki, unabaki unatazama kitambaa.

Ndivyo tulivyompita nyati. Dume zee, wale wanaokaa peke yao, amejilaza chini ya kichaka. Nilichosikia kwanza ni matawi yanavunjika. Wenzangu wakatawanyika, mimi nikaruka kushoto, poncho ikabaki kulia. Kikwata kimeikamata mgongoni na kwenye pindo, kila nikivuta inanikaba koo, kwa sababu ile kamba ya kofia niliifunga fundo la kweli. Bunduki iko chini ya poncho, mkono uko chini ya poncho. Nikapiga magoti, nikapitisha kichwa kwa nguvu, ngozi ya sikio ikabaki kwenye kamba. Nikatambaa kwenye kinjia cha ngiri, tumbo chini.

Nyati akaikuta poncho inapepea kwenye miba. Akaichukua. Nasema akaichukua! Ilinasa kwenye pembe ikamfunika jicho, akazunguka nayo akiipiga chini, matope yanaruka, kisha akaingia nayo kichakani. Kesho yake tulikuta vipande. Tangu hapo mimi na kofia za makoti basi. Navaa kapelo, maji yaingie shingoni, nisikie.

Mchana Mweupe
Hii chai. Tena imekolea sukari.

Kijiwe Nongwa
Tangawizi pia naisikia 😂

Skauti Mstaafu
Wewe nyati umemjua kwenye noti ya zamani ya mia tano. Kaa kimya.

Mchana Mweupe
Mzee wangu sikatai nyati. Nakataa nyati kuvaa poncho.

Traka wa Kizigo
Mimi naamini. Nyati aliyekasirika anapiga hata kofia iliyodondoka. Ila wakuu, koti.

Dada Misitu
Nimepima miti kwenye vichaka hivyo hivyo vya Itigi. Vaa koti la mvua la kawaida NDANI, juu yake ovaroli la khaki nzito, kubwa kuliko saizi yako. Miba inakamata ovaroli, koti linabaki zima, na ile kelele ya plastiki inapungua. Ovaroli litalowa, liache lilowe.

Mzamiaji wa Kent
Salamu kutoka jimbo la Washington, Marekani. Huku Oktoba na Novemba tunawinda kulungu wa mkia mweusi kwenye mvua isiyokatika, na kichaka chetu ni blackberry, mmea wa miiba uliotapakaa kila mahali, mashina manene kama kidole gumba. Wenyeji waliokata magogo tangu zamani hawavai plastiki kabisa, wanavaa turubai la pamba lililopakwa nta. Kampuni ya Filson ya Seattle, iliyoanza 1897, inashona hizo. Ni nzito, inakakamaa kwa baridi, lakini mwiba unateleza juu yake, na ikichakaa unaipaka nta upya. Kwa makoti ya kisasa soma ile namba yenye herufi D. Ni unene wa uzi. 20D au 40D ni ya njia safi ya mlimani, kichakani anzia 70D kwenda juu.

Pia sheria ya huku inakulazimisha, ukiwinda na bunduki, kuvaa rangi ya chungwa au pinki ya kung'aa ili wenzako wasikupige. Kwa hiyo koti zuri lote linafunikwa na kizibao cha mafundi barabara.

Asali ya Mbuga
Turubai la nta kwa joto la Tabora? Utaiva humo ndani ukiwa hai. Mvua ya huko kwenu ni ya baridi mkuu, ya kwetu inanyesha jua likichungulia. Sisi warina asali tunapaka nta ya nyuki wenyewe kwenye kanvasi ya mabegani na mapajani tu, ukiyeyusha na mafuta kidogo ili isipasuke. Shida moja, nyuki wanakufuata kunusa.

Mbeba Begi
Kwa mrina asali hiyo si shida, ni ofisi 😂

Asali ya Mbuga
Cheka. Halafu jamani, rangi! Msinunue bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda hizo. Vile vitambaa vya bluu na nyeusi vinavyoning'inizwa kando ya barabara hifadhini ni mitego yao. Ukivaa koti la bluu Ugalla wewe ndiye mtego.

Kijiwe Nongwa
Basi achukue la mabaka ya kijeshi, mitumba yapo mengi na ni magumu.

Mchana Mweupe
Unataka kumpeleka mwenzio rumande? Raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo ni kosa. 2023 hapo JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe. Eti magumu.

Kijiwe Nongwa
Porini nani atamwona?

Skauti Mstaafu
Mimi. Skauti wanakuona. Na tukikuona na mabaka kichakani hatukuulizi habari za asubuhi.

Traka wa Kizigo
Kambini kwetu mgeni tu ndiye anavaa mabaka, na meneja anamkataza. Swali: likichanika porini mnaziba na nini? Nimejaribu solusheni ya baiskeli na kiraka.

Asali ya Mbuga
Solusheni haifeli.

Mbeba Begi
Inafeli. Kwenye mpira sawa, kwenye plastiki inabanduka ikipata jasho. Tumia gundi ya mabomba.

Dada Misitu
Gundi ya mabomba inakakamaa, ukijikunja inapasukia pembeni ya kiraka na sasa una matundu mawili. Tepu ile ya kitambaa, pande zote mbili, kitambaa kikiwa kikavu. Zungusha mizunguko michache kwenye chupa ya maji uende nayo.

Mwana Marigat
Wakenya tuko hapa pia. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977 lakini mbuzi hawajui, wanaingia kwa mathenge, ile miti ya miba, na wewe unawafuata. Mimi nilipeleka koti kwa fundi anishonee kipande cha ngozi mabegani na mikononi. Limekaa vizuri.

Mbeba Begi
Fundi akishona anatoboa. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji.

Mwana Marigat
Limekaa vizuri, nimesema. Baringo mvua si nyingi hivyo.

Mchana Mweupe
Sasa ushauri wa mvua tunaupokea kwa mtu asiyenyeshewa.

Traka wa Kizigo
Tulieni. Jumamosi naenda mjini kutafuta ovaroli la Dada Misitu, la khaki, na koti la kawaida la ndani, halifiki elfu ishirini. Kofia naikata kabisa, Skauti amenitisha.

Dada Misitu
Usikate. Ikunje uifunge nyuma ya shingo. Usiku kambini utaitaka.

Mwana Marigat
Na viatu je? Mwiba wa mathenge unapita soli ya gambuti hadi kwa mguu.

Traka wa Kizigo
Viatu fungua uzi wako mkuu.