Vijana wa bweni wananyamaza nikiingia. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Kilifi
Hamjambo wenzangu. Nafundisha shule ya bweni ya wavulana huku Kilifi, na muhula huu nimekabidhiwa malezi ya kidato cha pili. Juzi viranja wawili walipigwa gizani nyuma ya jikoni. Hakuna aliyeona wala kusikia. Nikiwakusanya darasani wananiangalia viatu tu. Wanaamini kila neno litafika kwa naibu mwalimu mkuu. Huu ndio muhula wa pili, mitihani ya majaribio iko karibu, na sote tunajua mabweni huchomwa lini. Nawapenda watoto hawa. Nisaidieni.

Mstaafu, Machakos
Pole, mwalimu. Machi 2001, wanafunzi 67 walipoteketea bwenini katika shule ya sekondari ya Kyanguli, nilikuwa mlezi wa bweni huku huku Ukambani. Petroli ilimwagwa usiku, mlango mmoja una kufuli, madirisha yana vyuma. Kabla ya usiku ule wanafunzi walikuwa wananung'unikia matokeo ya mtihani yaliyofutwa. Tangu hapo nikaanza kusikiliza manung'uniko.

Darasani hawatakwambia kitu. Jumamosi asubuhi chukua shati lako ukafue nao bombani. Mikono ikiwa na povu, mtu husema bila kutazamwa usoni. Ila siku ya kwanza kabisa waambie lipi hutaficha: mtu kuumizwa, au mtu kupanga kuumiza. Mengine yabaki kwako, na yabaki kweli.

Kisha peleka lalamiko moja kwa mkuu, dogo, urudi na jibu wiki hiyo hiyo, hata kama ni "hapana" na sababu yake. Kwetu lilikuwa maharagwe yenye wadudu. Gunia lilipobadilishwa, ndipo mtoto mmoja akanieleza nani alikuwa akiwanyang'anya wadogo pesa za matumizi.

Na hao viranja, nani aliwachagua? Mwaka 1999 viranja wanne wa Nyeri waliteketezwa na wanafunzi wenzao. Baraza la wanafunzi lilianzishwa 2009 ili vijana wapige kura wenyewe. Shule nyingi zina baraza la jina tu, walimu bado wanateua, na hilo linaniuma sana.

Mama wa Likoni
Walimu wangu, na sisi wazazi mtuite mapema, si siku ya barua ya kusimamishwa. Wangu alirudishwa nyumbani kwa kupigana. Aliyemtuliza ni fundi seremala wa mtaani kwetu. Kila jioni, huku wakipiga randa, alimwuliza, "Leo umegombana na nani?" Naye alijibu, mimi nikisikia dirishani. Nyumbani hakuna aliyekuwa akimwuliza swali hilo.

Mwalimu wa Kilifi
Shikamoo mwalimu, na ahsante sana mama. Kweli, viranja wetu tuliwateua sisi. Nitalifikisha kwenye kikao cha walimu. Lakini mtoto akiniambia kuna petroli imefichwa, nifanye nini bila kumfichua yeye?

Mstaafu, Machakos
Marahaba. Saa hiyo hiyo mwone mkuu, usingoje asubuhi. Jina la mtoto usilitaje mbele ya walimu wengine. Wala asiitwe ofisini peke yake, maana bweni zima litajua kabla ya chakula cha jioni. Upekuzi uwe wa mabweni yote, si la kwao tu. Na usiku ule kagua milango mwenyewe, yote ifunguke kutoka ndani. Keshoye mpitie bombani kama kawaida, umwulize habari za mpira.