Naomba ushauri: tuuze nyumba ya Buru Buru tukapange?

Hamjambo wenzangu. Mimi na mzee wangu tumestaafu, tunaishi Buru Buru, hapa Nairobi, kwenye nyumba ya ghorofa moja tuliyomaliza kuilipia zamani. Watoto wameshajitegemea. Ngazi zinatumaliza magoti; siku hizi mzee hulala kwenye kochi sebuleni, anasingizia mpira. Madalali nao hawaishi kugonga geti. Jirani ameshajenga fleti, jua halifiki tena kwenye kamba yangu ya nguo.

Mzee anataka tuuze, pesa tuweke kwenye hati fungani za serikali (yaani tuikopeshe serikali itulipe riba), tupange vyumba viwili vya chini. Kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 15 tangu 2023, lakini nyumba uliyoishi mwenyewe miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza husamehewa, kwa hiyo hapo sina shida. Hofu yangu ni mwenye nyumba: akipandisha kodi au akitaka nyumba yake nikiwa na miaka 80, nitabeba vyombo niende wapi?

Bila idhini yangu haiuziki, ndiyo maana mzee ananibembeleza kwa chai. Mliouza mkapanga uzeeni, mliandikiana mkataba wa miaka mingapi? Au tuipangishe hii, kodi yake itulipie kwingine?