Hivi wauza nyimbo wa hapa Mwanza mnajua California Love ya 2Pac na Dr. Dre ziko mbili au mnatuuzia jina tu?

Wakuu salaam. Nimekereka vibaya mno leo, na wale wa kuja kukosoa herufi naomba mpite pembeni mapema.

Ishu iko hivi, braza anatimiza miaka 50 Jumamosi, sherehe tunafanyia huku Bwiru, na mimi nikapewa idara ya muziki. Braza ni mtu wa hip hop ya miaka ya 90, wale waliokuwa wanakaa na redio kidole kiko kwenye kitufe cha kurekodi. Kwahiyo nikaenda ofisi moja ya kuingiza nyimbo pale Mlango Mmoja (jina silitaji, sitaki kesi), nikampa dogo flashi na listi nimeiandika kwa mkono, nikaeleza mpaka mwisho, California Love "ile ya video ya jangwani". Nikalipa hela yote. Nafika home nachomeka, inaanza kupiga, SIYO YENYEWE. Ni ile ya kwenye albamu. Narudi kwa dogo ananijibu bila hata kunyanyua uso, "kaka mbona ni hiyo hiyo, 2Pac si huyu anachana, Dre si huyu hapa?"

Yani unaagiza sato unaletewa sangara halafu unaambiwa wote si wametoka ziwani.

Sikilizeni. California Love ya kwanza ilitoka kama singo (wimbo unaouzwa peke yake) mwishoni mwa 1995, ile yenye biti ya kinanda waliyoichukua kwa Joe Cocker na Roger Troutman anaimba kupitia mrija wa kubadilisha sauti. Hiyo ndo dunia nzima iliipenda. Halafu Februari 1996 ikaja albamu ya 2Pac, All Eyez on Me, CD mbili nzima, na ile ya singo HAIMO. Imo remiksi tu, yani wimbo uliotengenezwa upya, biti nyingine kabisa. Ya kwanza ilikuja kukaa kwenye albamu ya 2Pac mwaka 1998 kwenye Greatest Hits, mwenyewe alishafariki miaka miwili nyuma. Kwahiyo waliokimbilia kununua albamu 96 kisa wimbo wa redioni walipigwa, na mimi naona ulikuwa ujanja wa lebo, kampuni inayouza muziki, ununue singo na albamu vyote. Sawa. Ila angalau kwenye kava waliandika kwamba hii ni remiksi! Ulipigwa huku unasoma. Siku hizi dogo anashusha faili, anafuta maneno yote, anabakiza "2pac california love" na namba mbele, basi, kazi imeisha.

Na akijitahidi sana ndo anakuchukulia ya YouTube, ile ya video, ambayo inaanza na watu wanaongea kwanza huko jangwani, Chris Tucker mara George Clinton, huku wageni wako wamesimama katikati ya uwanja mikono hewani wanangoja biti.

Nikasema isiwe tabu, nikanunua bando nikaingia kwenye app ya kulipia maana huko ni watu wa kisasa. Huko ndo nikachoka kabisa. Natafuta ile ya Method Man na Mary J. Blige, hiyo ni lazima ipigwe maana shemeji bila huo wimbo hatoki kwenye kiti. Naletewa All I Need ya kwenye Tical, albamu ya Method Man ya 1994, Mary hayumo hata kwa kukohoa! Mary aliingia kwenye singo ya 1995, ndo iliyobeba Grammy, na hata hiyo yenyewe iko iliyotengenezwa na RZA na iko ya Puff Daddy, muziki tofauti. Mtu asiyejua atasema wimbo umeharibika.

Kundi la Bone Thugs ndo usiseme. Kwenye albamu yao E. 1999 Eternal ilivyotoka 1995 kuna Crossroad, nzito, haina ile melodi mnayoijua nyie. Tha Crossroads mnayolia nayo misibani ni ya 1996, waliirudia upya kumuomboleza Eazy-E aliyewatoa kimuziki. Halafu kopi za baadaye za albamu hiyo hiyo wakaiongeza, kwahiyo hata ukimwambia mtu "nunua albamu" hujamsaidia, inategemea kopi gani.

Kuna mambo naelewa lakini. Sampo, yani vipande vinavyochukuliwa kwenye nyimbo za watu, zina wenyewe na wana mawakili. Mwaka 2006 mahakama Marekani ilizuia mauzo ya albamu ya Biggie, Ready to Die, kwa ajili ya kipande cha Ohio Players kwenye wimbo wenye jina la albamu, kopi zilizofuata kipande kikatoka, kwahiyo mwenye CD ya 1994 na anayesikiliza leo kwenye simu hawasikii kitu kimoja. Albamu za mwanzo za kundi la De La Soul zilikaa nje ya hizo app mpaka Machi 2023 kwa mambo ya haki hizo hizo. Hapo silaumu mtu. Kinachoniuma ni kubadilishiwa kimya kimya, kama Kanye 2016 alivyokuwa anaendelea kuchokonoa albamu yake The Life of Pablo wakati watu tayari wanaisikiliza, leo wimbo wa Wolves uko hivi kesho amewarudisha Sia na Vic Mensa.

Na msidhani mimi nataka ya albamu au ya singo tu kila mahali. Jioni mama mkubwa na wenzake wa kwaya watakuwepo, saa hizo nataka zilizosafishwa, matusi yametolewa. Usiku wakishaondoka nataka zile zenyewe. Sasa nitazitenganishaje kama hakuna lililoandikwa? Kundi la D12 angalau ile ya redioni walibadili mpaka jina, Purple Pills ikawa Purple Hills, mtu unajua kabisa umeshika ipi. Wengine wote ni bahati nasibu, mama mkubwa akisikia tusi la kwanza mwenye lawama ni mimi.

Halafu tunajisifu Rock City, mji wa Fid Q, hip hop iko damuni. Damu gani hiyo wakati muuza nyimbo hajui anauza nini na akiambiwa anakuona msumbufu.

Mwenye CD orijino ya Greatest Hits ya 2Pac hapa mjini aje PM, naifuata hata kama uko Buhongwa au Kisesa, natoa kopi naiacha hapo hapo na ya soda naacha. Linki za YouTube sitaki, na anayetaka kuandika "wimbo ni ule ule mkuu" akaandike kwenye uzi mwingine.