Nani katupa kura hapa Texas, mimi au nyie?

Wakuu, nina hili kooni tangu uchaguzi wa rais wa Marekani, Novemba 2024, leo nalitapika.

Kila nikikaa na Watanzania wenzangu hapa Houston, iwe msibani au kwenye bethidei ya mtoto, swali ni hilo hilo: ulimpa nani? Nikisema nilimpa wa chama cha tatu, nje ya Democrat na Republican, nageuzwa kituko. "Umeitupa kura." Shemeji yangu mmoja akavuka mpaka, eti watu kama mimi ndio tuliompa Bush ikulu mwaka 2000. Shemeji, mwaka 2000 nilikuwa darasa la sita!

Haya, tuhesabu. Texas ina wajumbe 40 wa kumchagua rais, na anayeongoza hata kwa kura moja anazoa wote. 2024 Kamala Harris wa Democrat alipata hapa kura zaidi ya milioni 4.8. Wajumbe? Sifuri. Chama chake hakijashinda urais jimbo hili tangu Carter, 1976. Sasa wewe uliyempigia, yako ilienda wapi? Yangu na yako zimezikwa kaburi moja, ila wewe ulivaa na fulana.

Tena niwaambie kilichoniuma. Machi ile, kwenye maegesho ya duka, kijana anakusanya saini za mgombea binafsi. Nikashika kalamu, nishaandika jina la kwanza, akaniuliza: ulipiga kura ya mchujo, ile ya chama kuchagua mgombea wake? Nikajibu kwa fahari, ndiyo, wiki mbili zilizopita, yangu ya kwanza tangu niape uraia. Akaichukua kalamu taratibu, akalikata jina. Ukishapiga mchujo wa chama, saini yako haihesabiki! Na zilitakiwa saini 113,151 ndani ya siku zisizofika 70.

Nyumbani mgombea binafsi kakatazwa waziwazi, ukajua moja. Huku unaambiwa karibu, halafu unakatwa miguu mlangoni.

Ukipenya je? Ross Perot, bilionea wa hapa hapa Texas, 1992 alizoa karibu 19% ya kura za nchi nzima. Wajumbe sifuri. 1996 akagombea tena, tume ya midahalo ya wagombea urais ikamfungia nje. Tume hiyo iliundwa 1987 na nani? Vyama hivyo hivyo viwili. Yaani Simba na Yanga wakae wapange nani mwingine acheze ligi.

La Florida 2000, jimbo lililompa Bush ikulu, silikatai: alimshinda Gore wa Democrat kwa kura 537, na Nader wa chama cha tatu alikuwa na zaidi ya 97,000. Lakini dawa ipo. Maine tangu 2020 unawapanga wagombea urais wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wako akitolewa, kura inahamia kwa anayefuata. Florida yenyewe, walikolia kilio, 2022 wakapiga marufuku utaratibu huo kwa sheria. Halafu mwenye kosa mimi?

Jumamosi kuna arobaini, nitakuja. Shemeji, ukiniuliza habari za kura tu, naondoka na sahani yangu ya pilau.