Tupeane uzoefu: uamuzi ulioufanya akili imechoka, ukamuumiza mtu

Mwalimu_wa_Zamani
Wakuu, leo kijana mmoja kanisalimia njiani, "Shikamoo mwalimu," nikashindwa kumtazama usoni. Miaka 6 iliyopita nilikuwa nasahihisha mtihani, saa 7 usiku, nimebakiza karatasi kama 20 kati ya 140, na matokeo yanatakiwa asubuhi. Nikakuta karatasi mbili zina kosa lilelile swali la nne, hadi neno lililofutwa ni lilelile. Mmoja alikuwa wa kwanza darasani kila muhula, mwingine wa mkiani. Sikuangalia nani alikaa nyuma ya nani. Sikuwaita. Nikampa sifuri yule wa mkiani, nikaenda kulala.

Muhula uliofuata yule hodari alikiri mwenyewe kwamba ndiye aliyechungulia. Mwenzake alikuwa ameshaacha shule. Huyo ndiye niliyekutana naye leo.

Siku zote swali langu la kwanza ni "je, kama ni kinyume chake?" Usiku ule halikunijia kabisa. Nani mwingine yamemkuta?

Nuru_ya_Alfajiri
Imenichoma hii. Nitaandika yangu nikipata nguvu.

Dereva_Mstaafu
Mimi niliona mtu amelala kando ya barabara saa 9 usiku, nikajiambia ni gunia. Nilikuwa kwenye usukani tangu asubuhi. Nilijua si gunia. Sina la kuongeza.

Kanuni_ni_Kanuni
Samahanini, lakini naona tunatafuta pa kujificha. Mwalimu, uchovu wako mbona ulijua wa kumwonea? Mbona hukumpa sifuri yule wa kwanza?

Mwalimu_wa_Zamani
Swali hilo nalipokea, ndugu yangu. Nilikuwa namdharau yule mtoto siku zote, ila nikiwa na nguvu nilikuwa naizuia dharau yangu. Usiku ule sikuwa na cha kuizuia.

Dada_Msomaji
Kanuni, usiwe mwepesi hivyo. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili, Darley na Batson, walichapisha jaribio walilofanya Princeton, Marekani, kwa wanafunzi 40 wa theolojia. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kutoa hotuba, na baadhi walikwenda kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema. Njiani waliwekewa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana muda wa kutosha, 63 katika kila 100 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, 10 tu. Hata kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Hao walikuwa watu wabaya?

Kanuni_ni_Kanuni
Na hao 10 waliosimama, wao hawakuwa na haraka?

Dada_Msomaji
Walikuwa nayo. Sisemi hakuna hiari. Nasema ukimlaumu mtu peke yake bila kumgusa aliyempa karatasi 140 kwa usiku mmoja, kesho atakaa mwingine kwenye kiti hichohicho na kufanya yaleyale.

Kanuni_ni_Kanuni
Aliyetoa kazi alaumiwe, sawa. Sifuri iliandikwa na nani?

Zamu_ya_Usiku
Nilikuwa nasoma tu kimya, ila hapo kwa "gunia" nimeshindwa kuvumilia.

Ni muuguzi. Mwenzangu hakufika, nikaunganisha zamu mbili. Wodi imejaa. Saa 10 alfajiri nilimchoma mgonjwa insulini. Dakika kama 20 baadaye napita kitanda cha jirani, nakuta mgonjwa ananyoosha mkono: "Sista, sindano yangu ya sukari bado." Nikatazama faili. Nilikuwa nimemchoma mzee asiye na kisukari hata kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo sijawahi kumwambia mtu. Sikukimbia. Nilisimama na lile faili mkononi, naangalia kalamu. Jambo la kwanza kunijia lilikuwa kibarua changu. La pili, kwamba hakuna aliyeona. Mzee alikuwa amelala, na mtu ambaye sukari inamshuka akiwa usingizini anaonekana kama aliyelala tu. Niliyajua hayo yote, nimeyasomea, lakini yalikuwa yamekaa mbali kama ya mtu mwingine. Kilichonizindua ni mguu wake. Ulitoka nje ya shuka, soksi imetoboka kidoleni, nikainama kuufunika kwa mazoea tu, nikagusa ngozi: jasho, baridi. Hapo ndipo nikapata mbio. Kipimo cha sukari kikasoma 2.6, chini mno. Nikamwita daktari, dripu ya sukari ikawekwa, nikasema kwa sauti mbele ya wote: ni mimi nimekosea mgonjwa.

Alipona. Ila zile dakika mbili tatu nilizosimama, sijui zilikuwa za nani.

Nuru_ya_Alfajiri
Pole sana dada. Nalia huku.

Dereva_Mstaafu
Wewe uliinama.

Fundi_Mpole
Ushauri wangu: ukichoka usiamue kitu. Lala, amua asubuhi.

Zamu_ya_Usiku
Kaka, ningelala yule mzee angekufa.

Fundi_Mpole
Basi muwe wawili kila penye hatari, mmoja asome jina kwa sauti.

Mama_Pacha
Wawili waliochoka ni wachovu wawili. Mimi nimeweka sheria tangu nijifungue: baada ya saa 4 usiku simhukumu mtoto, hata akichoma nyumba 😂. Adhabu zote kesho.

Dada_Msomaji
Mama Pacha, usicheke, una hoja. Kuna utafiti wa mwaka 1997 ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake hushuka kama wa mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Mlevi tunamnyang'anya funguo. Aliyeunganisha zamu tunampa wodi nzima.

Kanuni_ni_Kanuni
Zamu_ya_Usiku, mzee mwenyewe alijua?

Zamu_ya_Usiku
Nilimwambia mchana wake, bintiye akiwepo. Binti alinifokea, na alikuwa na haki. Mzee alinyamaza, akageukia ukutani.

Kanuni_ni_Kanuni
Ulifanya vema kumwambia. Maneno yangu ya mwanzo yalikuwa makali, dada, nisamehe.

Mwalimu_wa_Zamani
Mimi bado sijamwambia yule kijana. Leo nimeitikia "marahaba" nikapita. Kanuni, kama bado uko macho, nianzeje?

Kanuni_ni_Kanuni
Mwambie ulichoandika kwenye karatasi yake na kwamba hakikuwa kweli. Habari za saa 7 usiku mwachie aulize mwenyewe.

Mwalimu_wa_Zamani
Namba ya shangazi yake ninayo. Nitapiga kesho mchana.