"Bwana ameniambia" imekuwa leseni ya kula pesa ya watu hapa Kisumu

Wakuu mniwie radhi lakini leo nimejaa mpaka hapa. Hii tabia ya mtu kushika maiki aseme "Bwana ameniambia" halafu hakuna mtu anaruhusiwa kuuliza kitu, nimeichoka.

Kuna kanisa hapa Kisumu, jina nawacha, hema kubwa na spika za kuamsha Kondele yote. Pasta akasoma ile ya mjane wa Sarepta aliyebaki na unga kidogo tu wakati wa njaa, 1 Wafalme 17, ati nabii Eliya alimwambia nipikie mimi kwanza, kwa hivyo kama umebaki na pesa ya mwisho hiyo ndiyo mbegu yako, yaani sadaka ya kutoa ili ubarikiwe, na tena Bwana amemwonyesha kuna mama hapa ndani kijana wake atapata kazi kabla siku saba ziishe. Jirani yangu anauza mboga Kibuye, akatuma hela yote ya kununua mzigo kwa M-Pesa akiwa amekaa hapo hapo kwa ibada. Siku saba zikapita, mwezi ukapita, kijana bado yuko tu nyumbani. Kurudi kuuliza anaambiwa alitoa na shaka. Yaani pesa ni yake na makosa pia ni yake!

Sasa si msome hiyo sura yote bana. Mstari wa 9 ni Mungu mwenyewe anamwambia Eliya kuwa amemwagiza mjane amlishe. Mstari wa 14 unga haitaisha mpaka siku mvua inyeshe, na haikuisha kweli. Halafu 15 inasema huyo mama, Eliya na nyumba yake wakala siku nyingi, nabii alikuwa kwa njaa hiyo hiyo pamoja nao. Wetu alipokea akawasha gari akaenda.

Nikauliza Jumatano kwa masomo ya Biblia, kwa heshima kabisa, mzee wa kanisa akanirushia "msiwaguse masihi wangu", yaani watiwa mafuta wa Mungu. Hiyo ni Zaburi 105:15 na ukianza kusoma huko juu unaona ni habari ya Abrahamu, Isaka na Yakobo wakihamahama, wafalme wakikemewa wasiwadhuru. Haikuandikwa ili pasta asiulizwe pesa ilienda wapi.

Na sisemi Mungu haongei, mimi ni mtu wa kesha na unabii naamini. Lakini Paulo huyo huyo aliyesema msitweze unabii alisema hapo hapo jaribuni mambo yote, na Wakorintho akawaambia manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue. Wale wa Beroya walimpima hata yeye Paulo kwa maandiko kila siku, Matendo 17:11, na wakasifiwa. Kumbukumbu la Torati 18:22 ndiyo inamaliza kabisa, nabii akinena na jambo lisitimie Bwana hakulisema, na inamalizia usimwogope. Sisi tunaogopa!

2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wamwone Yesu, ilifukuliwa msitu wa Shakahola huko Kilifi, na mpaka leo ukiuliza "hiyo imeandikwa wapi" wanasema uko na pepo la uasi.

Wale mnakuja kuniambia nitubu karibuni, lakini mje na aya na muanze kusoma kutoka juu. Na pasta kama uko humu, namba ya huyo mama unayo, mrudishie pesa yake.